Programu ya kutoa mifupa kwenye CT: Slicer, TotalSegmentator au tununue Mimics?

MwanaMuheza: Wakuu habari zenu. Natafuta programu ya kutoa mifupa kwenye picha za CT yenyewe, nisichore slaisi (vile vipande vyembamba vya picha) moja moja. Tunataka kuprinti modeli ili madaktari wa mifupa wajipange kabla ya upasuaji. Bosi anataka jibu wiki hii, bajeti inafungwa. Nichukue ipi?

DadaRedio: Ndugu yangu hujasema kitu. Mfupa gani? Slaisi zina unene gani? Mgonjwa amechomwa dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha? Kompyuta ina kadi ya grafiki? Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Pikseli_Mbeya: Slicer inatosha, na ni ya bure. Weka kizingiti kuanzia HU 250 hivi kwenda juu (HU ni kipimo cha CT cha msongamano wa kitu), maji ni sifuri, hewa ni -1000, mfupa mgumu wa nje unapita 1000 kirahisi, kwa hiyo unajitenga wenyewe. Futa vipande vidogo, imeisha hiyo.

Fundi_Viungo: @Pikseli_Mbeya hiyo ni kwa kijana mwenye mifupa imara. Bibi ambaye mifupa imepungua madini, ukiweka 250 kikombe cha nyonga kinatoka na matundu ambayo hayapo, ukishusha inaingia mishipa yenye dawa.
Kuna kampuni ilitutengenezea modeli ya nyonga iliyovunjika, CT yenyewe slaisi za milimita 5, wakalainisha uso wa modeli mpaka ukapendeza kweli, daktari akakunja bamba la chuma la kuungia mfupa juu yake siku moja kabla, kumbe kichwa cha fupa la paja kimegandana na kikombe chake na ule ufa wa nyuma umezibwa na kulainisha kwao. Mgonjwa yuko mezani bamba halikai, ikabidi likunjwe upya palepale, muda unakwenda na damu inatoka. Tangu siku hiyo hatupokei modeli mpaka mstari wa umbo lake uwekwe juu ya picha asilia tuupitie slaisi kwa slaisi, hata iwe imetoka kwenye programu ya bei gani.

MwanaMuheza: Aisee pole sana mkuu. Ni fupanyonga na goti kushuka chini, wengi ni ajali za bodaboda. Slaisi milimita 1. Laptopu haina kadi. Baadhi wana vyuma ndani.

Kioo_Nairobi: Basi TotalSegmentator, programu ya akili bandia ya Basel, Uswisi. Ilitoka na nnU-Net ya Heidelberg ndani yake (mtandao unaojifunza kutenganisha sehemu za picha), ikatengenezwa kwa CT 1,204, na kila fupa inalipatia jina lake, paja mbali nyonga mbali, kwa hiyo kule kugandana kunapungua sana. Ila inapunguza picha hadi milimita 1.5, na ile njia ya haraka, ambayo bila kadi ndiyo utaishia kuitumia, ni milimita 3. Ufa mwembamba unapotea. Na goti kushuka chini angalia vizuri, mfupa wa muundi haumo kwenye kifurushi cha kawaida, uko kwenye kifurushi cha appendicular_bones na hicho kinadai leseni.

Pikseli_Mbeya: Si apandishe tu kwenye tovuti yao, kadi ya nini?

DadaRedio: Hapana jamani! Faili la DICOM (ndilo faili la picha za hospitali) lina jina na tarehe ya kuzaliwa, na CT ya kichwa hata ukifuta jina unaweza kuunda sura ya mtu kutoka kwenye ngozi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Pikseli_Mbeya: Dada, kaongelea nyonga, kichwa kimetoka wapi?

DadaRedio: Jina halichagui nyonga wala kichwa. Afute kwanza.

Kioo_Nairobi: Naungana na dada. Halafu Slicer wenyewe wanasema haijaidhinishwa kwa matibabu, ni ya utafiti. Hapo ndipo Mimics, ile ya kununua, inapoanza kuwa na faida, mwambie bosi.

MwanaMuheza: Na wenye vyuma je? Ile miali ya chuma kwenye picha inaharibu kila kitu.

Fundi_Viungo: Hao utachora kwa mkono tu mkuu, popote utakapokuwa. Printa yenu ni ya plastiki ya PLA? Modeli ikiingia theatre mnaisafishaje?

MwanaMuheza: PLA. Tulifikiria otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu.

Fundi_Viungo: Weee, PLA inalegea kwenye nyuzi 60, otoklevu ni 121 mpaka 134! Fungua uzi mwingine wa hilo, lina mambo mengi.