Tupeane uzoefu: kashata, visheti, ubuyu na vitafunwa vilivyopikwa uani kwetu

Mwenye uzi (Temeke)

Habari za jioni wadau. Kila mtaa niliokaa hapa Dar, kuanzia Tandika nilikokulia hadi Chang'ombe niliko sasa, ulikuwa na mtu anayejulikana kwa kitu chake kimoja. Huyu kashata, yule visheti, mwingine barafu za ukwaju. Hukuhangaika kuuliza anakaa wapi, mtoto yeyote angekushika mkono akupeleke. Jiji ni kubwa, lakini ukishaingia mtaani unaishi maisha ya mji mdogo: mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na sifa yake inatokana na mkono wake jikoni.

Naomba tusimuliane. Nani alipika kwenu, alipikaje, na kitu hicho kilifanya nini pale nyumbani? Vipimo viandikeni kama mlivyofundishwa, hata kama ni kibaba au "mpaka mkono ukubali". Waliokuwa wakipika wanazeeka, wengine wametangulia mbele ya haki, na vile tunavyonunua dukani vimefungwa vizuri lakini hiliki haisikiki.

Naanza mimi. Bibi mzaa mama alikuwa wa kashata za nazi. Alikaa kwenye mbuzi baada ya swala ya alasiri, akakuna. Sehemu ya nazi aliikamua tui, likaenda kwenye mboga ya usiku. Machicha yake hakuyatupa. Aliyachanganya nusu kwa nusu na nazi ambayo haijakamuliwa, kwa sababu machicha matupu yanatoa kashata kavu isiyo na mafuta, na nazi nzima peke yake ilikuwa gharama asiyoweza kuirudisha kwa bei ya watoto. Sukari, maji kidogo, moto mdogo, na mwiko usiopumzika. Mchanganyiko ukianza kuachana na sufuria anatia hiliki, anamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, anabonyeza kwa kibao na kukata vikiwa bado vya moto. Ukisubiri vipoe vinamegeka ovyo.

Hela hiyo ndiyo ilinunua madaftari, sare na mafuta ya taa ya kusomea. Watu wanaiita biashara ndogondogo, wanapita. Kwetu ulikuwa ndio mshahara wa nyumba, na mtu aliyeufanyia kazi hakuwahi kuandikwa popote kuwa ana kazi. Karibuni.

Binti wa Magomeni

Asante mkuu kwa mada hii. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, uani majiko ya mkaa ya kila mpangaji. Mama alikuwa wa visheti na kalmati. Visheti vilipikwa mwaka mzima kwa oda za harusi na maulidi, kalmati ni Ramadhani tu.

Kilichonilea mimi hasa ni sahani. Vyumba viwili vya mwisho walikaa wapangaji Wakristo kutoka Kilimanjaro. Kila jioni ya mfungo, kabla ya adhana, nilitumwa na sahani iliyofunikwa kawa: muhogo wa nazi, tambi, na kalmati pembeni. Siku ya pili sahani ilirudi na kitu, ndizi au hata sukari ya kikombe kimoja. Ikifika Krismasi zamu iligeuka, maandazi na half-keki vikaja kwetu vimejaa sinia. Mama alikuwa mkali kwa hilo: sahani ya mtu hairudi tupu. Siku ambayo ndani hakuna kitu kabisa, aliiacha kabatini mpaka kipatikane, hata kama mwenyewe alikuwa anaihitaji.

Sasa hivi naishi kwenye fleti. Majirani zangu ni watu wazuri, ila kila mtu na mlango wake, na sahani zangu zote ziko kabatini kwangu. Mfungo uliopita nilijaribu kuwapelekea wa ghorofa ya chini. Walishangaa, lakini wiki ya pili ilipoanza tayari na wao walikuwa wanapandisha.

Mdau wa Buguruni

Mimi ni mtoto wa kahawa na kashata za karanga. Mzee aliuza kahawa Gerezani na Kariakoo, mkono mmoja birika lenye jiko lake la mkaa chini, mkono wa pili vikombe anavigonganisha ili watu wajue amefika. Mnaomkumbuka muuza kahawa mnamkumbuka yeye na birika. Aliyeamka wa kwanza alikuwa mama.

Karanga zilikaangwa usiku kwenye karai, zikipoa tunazifikicha na kuzipepeta kwenye ungo ili maganda yatoke. Hiyo ilikuwa kazi yetu watoto, na tulipigwa marufuku kuifanyia karibu na nguo zilizoanikwa. Alfajiri mama anayeyusha sukari kavu, bila tone la maji, mpaka igeuke rangi ya kahawia. Hapo ndipo penye ujuzi wote. Ikitoka mapema kashata inakuwa na sukari ya chengachenga, ikizidi sekunde chache inakuwa chungu. Karanga zinamwagwa, zinakorogwa haraka, na zinasukumwa kwa chupa juu ya ubao uliopakwa mafuta.

Kahawa ya kijiweni haina sukari, kashata ndiyo sukari yake. Mtu anang'ata kidogo, anapiga funda, anaendelea kubishania Simba na Yanga. Kwa hiyo kashata ikiwa mbaya kahawa nayo inasusiwa. Mzee alilijua hilo. Akirudi jioni hela alimkabidhi mama yote, yeye anabaki na ya mkaa na buni.

Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 kijiwe chake kilipoteza wachukuzi na wenye vizimba. Akahamishia birika Ilala. Wateja wawili watatu wa zamani walimfuata mpaka huko kwa miguu, na waliulizia kashata kabla hata ya kuulizia kahawa.

Mkazi wa Mbagala

Mkuu wa Temeke, swali moja. Kwa nini kashata za nazi wakati mwingine hazigandi, zinabaki zinanata kwenye karatasi? Na nazi ipi inafaa?

Mwenye uzi (Temeke)

Zinazonata sukari yake haijaiva. Usitoe jikoni kwa kuangalia saa, angalia sufuria. Mwiko ukipita, chini pabaki pakavu kwa muda kabla mchanganyiko haujarudi. Nazi ichague iliyokomaa, ukiitikisa usikie maji yanacheza. Koroma ni tamu kula ila ina maji mengi, kwa kashata ya kukatwa inasumbua.

Mama wa Kigamboni

Nimesoma yote, na nimeona niseme na mimi.

Nimezaliwa Kigamboni ya pantoni, kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa Aprili 2016. Vijana mlioikuta na barabara na maghorofa hamtaelewa jinsi palivyokuwa mji mdogo. Tulisema "naenda Dar" tukimaanisha ng'ambo pale, ambako taa zake tunaziona kutoka ufukweni. Msiba ukitokea asubuhi, adhuhuri Kigamboni nzima ina habari.

Mama alipika vitumbua vya mchele. Mchele aliuloweka mchana, jioni unasagwa, unachanganywa na tui zito, sukari, hiliki na hamira. Saa tisa usiku anawasha mkaa na kupanga vyuma viwili. Sharti lake lilikuwa mafuta kidogo kila tundu na moto wa wastani, ili kitumbua kiive mpaka ndani kabla ya kushika rangi. Miezi ya joto, Desemba mpaka Februari, alipunguza hamira na kuchelewa kuchanganya, maana kwa joto la pwani mchanganyiko wa saa moja jioni unachacha kabla ya alfajiri. Hakuna aliyemwandikia hayo. Aliugusa ule uji, akaunusa, akajua.

Saa kumi na moja na nusu tuko kwenye foleni ya pantoni na ndoo yenye mfuniko. Wateja walikuwa wanaovuka kwenda soko la samaki Feri, mafundi, wafagiaji wa maofisi ya Posta, wanafunzi. Wengi walikula kwa mkopo na kulipa mwisho wa wiki. Mama hakujua kusoma, lakini alimjua kila mdaiwa na hesabu yake. Na mtu akionekana kupita mbali na ndoo, mama hakumkimbiza. Alimwita kwa sauti ya kawaida: "Njoo ule mwanangu, kazi haifanywi na njaa." Deni lililipwa. Mara nyingi lililipwa na samaki.

Daraja lilipofunguka wenye magari walihama, wa miguu tukabaki nao. Mama aliendelea mpaka mgongo ulipokataa. Sasa chuma kimoja ninacho mimi, kimoja anacho mdogo wangu. Napika Jumamosi tu, ya nyumbani na ya majirani. Wanangu wawili wanajua kugeuza kitumbua kwa kijiti bila kukichana, na hilo nimelisimamia mwenyewe, hata wa kiume.

Kijana wa Kinondoni

Heshima kwako mama.

Kwetu ni barafu za ukwaju, dada yangu ndiye mwenye mradi. Ukwaju unalowekwa maji ya uvuguvugu, unakamuliwa kwa mkono, unachujwa mara mbili, sukari na chumvi kidogo sana. Ile chumvi ndiyo inayowarudisha wateja, msiipuuze. Wateja ni watoto wa shule na madereva wa bodaboda.

Vitu viwili vilimbana. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulikuwa unayeyusha mzigo wa siku nzima. Halafu mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika, kilo ikapita shilingi 4,000. Mtoto aliyezoea barafu ya shilingi 100 huwezi kumwambia sasa ni 200, atageuka aondoke na shilingi yake. Dada aliacha barafu kwa muda, akahamia ubuyu, ambao hauhitaji friji. Alipita salama kwa njia hiyo. Nawaambia wanaoanza: uwe na kitu kimoja cha baridi na kimoja kikavu.

Mdau wa Ilala

Umegusa ubuyu umenigusa mimi. Wa kwetu tulifundishwa na shangazi aliyeolewa Unguja. Mbegu na unga wake, nyingi zinashuka kutoka Dodoma. Sukari na maji vinachemka mpaka viwe vizito, ndipo rangi, hiliki, vanila, chumvi na pilipili ya kusaga. Unamwaga ubuyu na kupepeta sufuria bila kukoroga kwa nguvu, la sivyo unga wote unaachana na mbegu na unabaki na tope jekundu. Wanaouza wa kuwasha bila harufu ya hiliki wananiudhi kweli. Pilipili imewekwa kuficha.

Mkazi wa Mbagala

Mimi kwetu asili ni Lindi, kama nusu ya Mbagala. Bibi alibangua korosho. Zilichomwa kwenye debe lililotobolewa, nje, mbali na nyumba, maana mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na moshi wake unakata pumzi. Alijipaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Watoto hatukuruhusiwa kusogea mpaka zipoe. Zilizovunjika ndizo zetu, nzima ni za kuuza, na mgeni akija anaandaliwa nzima. Hata leo mgeni akifika kwangu siwezi kumwekea korosho zilizovunjika.

Binti wa Magomeni, tafadhali, tupe vipimo vya visheti vya mama. Dada yangu anaolewa baada ya mfungo na tunataka tupike wenyewe.

Binti wa Magomeni

Hongereni kwa harusi. Chukua unga wa ngano nusu kilo, samli vijiko vitatu vya kulia, hiliki ya kutwanga, na maziwa au tui jepesi la kukandia, weka kidogokidogo mpaka unga ushikane bila kunata. Samli ichemshe kwanza, uimimine kwenye unga ikiwa ya moto na kuifikicha mpaka isionekane, ndipo visheti vinakuwa vyepesi. Acha unga upumzike nusu saa. Kata vidogo, kaanga kwa moto wa chini, usiwe na haraka, ndani viwe vikavu.

Shira ni sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, ichemke mpaka ukivuta kati ya vidole itoe uzi. Toa jikoni, mwaga visheti vyote kwa pamoja, pepeta sufuria mfululizo mpaka sukari igande nyeupe juu yake. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja ashike masikio ya sufuria. Mkiwa na wageni wengi pikeni siku mbili kabla, na vikishapoa kabisa vifungeni kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Vikikaa wazi kwa hewa ya huku shira inalowa.

Oda ikizidi niandikie inbox, mama bado ana nguvu za kusimamia, na mimi nitakuja kupepeta.