Kichanga wa mama anayetumia methadoni ana arosto (dalili za kukatikiwa na dawa aliyoizoea tumboni), tuanzie wapi?

Mkunga_Uvinza: Habari wakuu. Mama katoka Dar kuja kujifungulia kwao huku Kigoma, anatumia methadoni ya kliniki, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Mtoto ana kilo 2.5, siku ya tatu. Tangu usiku analia kwa sauti nyembamba kali, mikono inatetemeka akiguswa tu, chafya haziishi, ananyonya kwa pupa kisha anatapika, anaharisha maji. Wenzangu wanasema ni maambukizi. Tufanye nini kabla ya rufaa ya hospitali ya mkoa, Maweni?

DaktariWatoto: Siku zinalingana. Arosto ya heroini huanza ndani ya saa 24 hadi 48. Ya methadoni saa 48 hadi 72, pengine hata wiki. Ila wenzako wasipuuzwe. Pima sukari sasa hivi: ikiwa chini ya 2.6 mmol/L, dextrose 10% ml 2 kwa kilo, yaani ml 5 kwake. Mwenye arosto hukakamaa. Akilegea au akigoma kunyonya, anza antibiotiki.

Halafu punguza taa na kelele, mama ambebe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye kidogo kidogo kila saa 2. Makalio yapakwe mafuta mazito mapema, yatachubuka. Dawa inafikiriwa pale anaposhindwa kunyonya vya kutosha, kulala saa 1 mfululizo, au kutulia ndani ya dakika 10 akibebwa.

Mkunga_Uvinza: Fenobabitali tunayo. Tumpe?

DaktariWatoto: Akipata degedege, ndiyo: mg 20 kwa kilo. Kumnyamazisha tu, hapana; kilio kitapungua, kuharisha kutabaki. Na naloksoni (dawa inayokata nguvu ya heroini na methadoni) marufuku, hata akizaliwa amechoka: inaleta arosto ya ghafla na degedege.

Mfamasia_Ujiji: Mofini ya kunywa ianzie hospitali, kwenye uangalizi wa upumuaji. Dozi ni mg 0.04 kwa kilo kila saa 3 hadi 4, kwake mg 0.1. Hapo ndipo watu huteleza: chupa za wagonjwa wa saratani huwa na mg 1 au mg 10 kwa ml, soma lebo mara mbili. Ya mg 1, chukua ml 1, ongeza maji safi ml 9, kisha mpe ml 1. Akitulia siku nzima au mbili, punguza asilimia 10 kila siku.

Mkunga_Uvinza: Bibi wa mtoto anataka mama aache methadoni ili maziwa yawe "safi".

DaktariWatoto: Asiache! Inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Akiacha ghafla atarudi kwenye unga, na hapo ndipo kunyonyesha kunakuwa hatari. Pigeni simu kliniki yake leo, mthibitishe dozi, aandamane na mtoto Maweni.