Maji ya dumu: ya chemchemi au yaliyochujwa, nichukue yapi?

Baba Junia: Wakuu habari. Nataka nianze kununua maji ya dispensa, madumu ya lita 18.9. Duka la jirani lina aina mbili, moja imeandikwa ya chemchemi na nyingine imechujwa kwa mashine, hiyo ya mashine ina nafuu ya buku. Ya chemchemi nimeonja yana kautamu, haya mengine kama unakunywa hewa. Nichukue yapi?

Fundi Pampu: Mbona husemi uko mkoa gani? Na una watoto?

Baba Junia: Arusha, Ngaramtoni. Mtoto mmoja, miaka 4.

Fundi Pampu: Ungeanza na hapo sasa! Achana na kautamu, geuza dumu usome lebo, angalia floraidi, isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya kuzunguka Meru yanapita kwenye mawe ya volkano na ndo huko yanakoibeba, kwa hiyo neno chemchemi pekee sio usalama. Meno ya ukubwani ya huyo mtoto ndo yanajijenga saa hizi, akinywa yaliyozidi yataota na madoa ya kahawia.

mama wawili: Si achemshe tu jamani

Fundi Pampu: Haitoki kwa kuchemsha dada. Mvuke unaondoka floraidi inabaki sufuriani, ndo unaizidisha.

Mzee wa Chai: Ya mashine hayana ladha kwa sababu ile mashine inatoa karibu madini yote, hata kalsiamu. Nilipokuwa kwa shemeji Ufaransa nilionja maji ya chupa ya Evian na Volvic meza moja, Evian ina kalsiamu miligramu 80 kwa lita, Volvic 12 hivi, ile ya kwanza unaisikia nzito mdomoni kabisa. Ila kwa chai ya rangi nachukua nyepesi, maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, yanaweka utando juu kama mafuta, ukikoroga unapasuka vipande vipande.

dada_njiro: Mi dumu limenitesa jamani. Nililetewa na bodaboda, kumbe dukani lilikaa juani sijui siku ngapi, nafungua linanuka plastiki, nikasema ngoja litulie, kesho yake namulika na tochi ya simu naona ukijani chini kabisa karibu na kitako, na wifi ashakunywa glasi mbili!! Nikalirudisha, muuzaji ananiangalia usoni ananiambia dada hayo ni madini. Hela sikurudishiwa mpaka leo.

Mzee wa Chai: Madini ya kijani 😂😂

kijana wa Usa: Kile kituo cha utafiti cha Ngurdoto walikuwa wanachuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, mbona hamuisemi hiyo

mama wawili: Mifupa ya nini tena?

kijana wa Usa: Ng'ombe. Inachomwa kwanza.

mama wawili: Hapana kwa kweli, bora nisingejua

Baba Junia: Nimegeuza dumu la chemchemi. Limeandikwa "madini asilia" basi, namba hakuna hata moja. La mashine lina kalsiamu 4, floraidi 0.3.

Fundi Pampu: Sasa unauliza nini tena?

Baba Junia: Wife anataka ya chemchemi.

dada_njiro: Hiyo dispensa yenyewe umechukua shilingi ngapi?