Naomba ushauri: metadata (taarifa za maelezo) ya faili lililosafishwa ikae wapi?

Wakuu, naandika maktaba ya Python ya kukagua mafaili na kunasa nywila zilizoachwa ndani ya msimbo. Kabla ya ukaguzi kila faili hugeuzwa kuwa UTF-8 (usimbaji wa kawaida wa herufi), baiti 3 za BOM (alama ya usimbaji mwanzoni mwa faili) huondolewa, na mwisho wa mstari wa baiti mbili (CRLF) huwa wa baiti moja (LF). Hapo nafasi za baiti haziwiani tena na faili la asili, na ripoti lazima ionyeshe mahali penyewe.

Je, maandishi safi, usimbaji wa awali na SHA-256 (alama ya kutambulisha yaliyomo kwenye faili) vikae kwenye klasi moja isiyobadilika (immutable), au metadata ijitegemee? Naelekea kutenganisha, maana zip moja huzaa mafaili mengi na kila moja linahitaji kumjua mzazi wake. Na jedwali la kurudisha nafasi za maandishi safi kwenye zile za faili la asili, nilifunge na kipi kati ya hivyo? Mwenye uzoefu anisaidie.