Nina masta ya sayansi ya chakula, naambiwa niitoe kwenye CV. Nifanyeje?

Binti_Korogwe (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nilihitimu masta ya sayansi ya chakula Novemba mwaka jana. Jana usiku nilikaa na daftari nikahesabu: nimeomba kazi 41, nimeitwa kwenye usaili mara nne.

Tasnifu yangu ilihusu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Mtakumbuka mwaka 2016 watu walivyougua na wengine kufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Nilizunguka vijiji vya Kondoa na Chemba miezi minne kwa bodaboda, nachoma bambo kwenye magunia ya watu, nachota sampuli, nazipeleka maabara. Sampuli 180. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, isizidi. Kuna gunia moja lilizidi kiwango hicho mara nyingi, na uji wa watoto wa nyumba ile ulikuwa unatoka humo humo. Ndiyo maana naitaka kazi hii.

Sasa sikilizeni. Tangazo zuri la serikali lilitoka Julai, mimi nimetetea tasnifu Juni. Cheti sina mpaka mahafali, na matokeo ya muda hayapokelewi. Likapita. Lililofuata nikaitwa Dodoma, treni 31,000 kwenda tu, nikafanya mtihani wa mchujo, nikafika mpaka mahojiano. Sikupangiwa kituo. Uhadhiri msaidizi nao nimejaribu: masta nina GPA ya 4.2, lakini tangazo lilitaka na shahada ya kwanza iwe 3.8. Yangu ni 3.6.

Lililoniumiza zaidi ni kiwanda kimoja cha unga hapa Dar. Walitaka msimamizi wa ubora, zamu ya usiku. Wasaili watatu. Yule wa katikati aliweka kidole kwenye neno "uzamili" na hakukitoa pale muda wote tunaongea. Akasema, "Dada, wewe utakaa miezi mitatu utukimbie." Nikamwambia zamu ya usiku naiweza na kazi naitaka. Simu haikupigwa.

Binamu yangu anasema niifute masta, nibaki na digrii. Lakini ada ya mwaka wa pili mama alikopa VICOBA, na marejesho bado anapeleka kila Jumamosi. Cheti anacho yeye, kwenye bahasha ya kaki chini ya khanga zake. Mkono unakuwa mzito kufuta.

Aliyewahi kupita hapa aniambie, niitoe au niiache?

Meza_ya_Pili

Mdogo wangu, pole sana. Mimi nimefanya utumishi viwandani miaka tisa, nimesoma CV nyingi kama yako. Usiitoe. Ukiitoa, miaka miwili inabaki wazi na swali la kwanza litakuwa ulikuwa wapi.

Ila CV yako nadhani inaanza na vyeti, sivyo? Kila mhitimu hufanya hivyo. Mwenye kiwanda hanunui cheti. Usiku anachokiwaza ni lori la unga kurudishwa. Mstari wa kwanza uwe ule uliotuandikia hapa: sampuli 180, umechota mwenyewe, umepima mwenyewe, kwa mashine gani. Elimu ishuke chini. Na ile miezi minne ya Kondoa usiiache ndani ya tasnifu, iandike kama kazi, kwa sababu ilikuwa kazi.

Hofu ya kukimbiwa usisubiri waitaje. Sema wewe kwanza, kwenye barua: niko tayari kusaini mkataba wa miaka miwili. Mimi mtu akiniandikia hivyo namwita.

Stoo_Namba3

Dada, mimi niliitoa, mwaka 2022. Ndani ya wiki tatu nikapata ukarani wa stoo. Ilinilisha, ikalipa kodi ya chumba, siwezi kuisema vibaya.

Mwaka uliofuata ikatangazwa nafasi ya mkuu wa ugavi palepale, wanataka masta. Nikapeleka cheti changu. Meneja akakitazama, akaniuliza taratibu, "Na kitu gani kingine ulituficha?" Nafasi ikaenda kwa mtu wa nje. Nikabaki, lakini tangu siku ile funguo za stoo kubwa sipewi.

Kama nyumbani hakuna unga, itoe, sitakulaumu. Kama unaweza kuvumilia miezi kadhaa, iache.

Mzee_wa_Mashine

Marahaba binti yangu. Mimi nina mashine ya kukoboa na kusaga, Kibaigwa. Sikujua kama mtu wa namna yako anatafuta kazi, maana sisi huku tunakutafuta.

Wenye mashine ndogo tunataka nembo ya TBS, shirika la viwango, ili unga wetu uingie maduka makubwa. Barua ya SIDO, wale wa viwanda vidogo, tumepata. Kinachotushinda ni usafi wa kwenye karatasi: mzigo umeingia lini, unyevu kiasi gani, nani kapima. Unyevu usizidi asilimia 13.5, hilo tunalijua, na kipima unyevu nimenunua. Kiko kabatini, hakuna anayekiamini, vijana wangu bado wanang'ata punje kwa jino.

Mshahara wa mwezi sina. Ila naweza kukulipa siku tatu na nauli, utupangie hayo madaftari na uwafundishe vijana. Jirani zangu wanne wenye mashine nao wamesema watachangia. Hiyo masta njoo nayo.

Binti_Korogwe

Asanteni mno. Nimesoma nikasimama nikatembea chumbani kwanza.

Meza_ya_Pili, nimeipanga upya usiku huu, sampuli zimepanda juu. Ile sentensi ya miaka miwili nimeiweka. Kesho naipeleka tena kwenye kiwanda kilekile, kwa mkono.

Kaka wa stoo, pole kwa hilo la funguo. Umenisaidia kuamua. Siitoi.

Baba wa Kibaigwa, nimekuandikia pembeni. Naweza kuja Alhamisi. Naomba unifungulie hicho kipima unyevu uangalie kinatumia betri gani, nije nazo kutoka huku. Na mwambie kijana mmoja asiuze gunia lolote lenye harufu ya ukungu mpaka nifike.