Anatumia imatinibu, PHQ-9 imetoka 14: ni sonona au ni dawa?

Musawo_Mbarara
Wakuu, nina mama mwenye CML (aina ya saratani ya damu, lukemia), anatumia dawa yake imatinibu miligramu 400 kwa siku, mwezi wa tano sasa. Kope huvimba asubuhi, miguu inakaza usiku, uchovu hauishi, usingizi hapati. PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, imetoka 14. Kituoni dawa za sonona ni fluoksetini na amitriptilini tu. Nianze na ipi, au nisianze kabisa?

Mfamasia_Jinja
Musawo, hiyo 14 ichambue kwanza. Maswali ya 3, 4 na 5 (usingizi, uchovu, hamu ya kula) imatinibu na ugonjwa wenyewe vinaweza kuyajaza bila sonona. Yanayokupa habari zaidi ni la 1, la 2 na la 6: kutofurahia chochote, huzuni, kujiona hana thamani. Swali la 9 (mawazo ya kufa au kujidhuru) likipata hata alama 1, achana na jumla, kaa naye siku hiyohiyo.

Kisha picha kamili ya damu. Hemoglobini ikiwa chini, uchovu umepata mwenyewe. Neutrofili (chembe nyeupe za kinga) chini ya 1,000 au plateleti (chembe za kugandisha damu) chini ya 50,000 kwa maikrolita, imatinibu inasimamishwa kwanza, na hurudishwa zikifika 1,500 na 75,000. Kope mara nyingi hazina hatari, apunguze chumvi. Ila uzito ukipanda ghafla au akihema, tafuta maji kifuani. Kwa kukaza misuli, pima potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kidonge anywe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji.

Kama bado ni sonona, amitriptilini ningeiacha. Imatinibu huzuia CYP2D6, kimeng'enya kinachosaidia kuiondoa mwilini, kwa hiyo inaweza kulundikana: kinywa kikavu, usingizi mzito mchana, mapigo ya moyo kuvurugika. Fluoksetini miligramu 20, asubuhi; akiinywa usiku itamkesha. Nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4, na asipoambiwa hivyo ataitupa wiki ya kwanza. Asichanganye na diklofenaki, dawa ya maumivu, hasa plateleti zikiwa chini, maana anaweza kutokwa damu.

Nesi_Masaka
Mnakimbilia vidonge! Tiba ya vikundi ya mahusiano, IPT, ilijaribiwa hapahapa Masaka na Rakai, vijiji 30, matokeo yakachapishwa 2003. Wiki 16, dakika 90 kila wiki, waongozaji ni wenyeji waliofunzwa, si madaktari. Mwishoni waliobaki na sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5 kwenye vikundi, na 54.7 kwa wasiopewa tiba hiyo. Hawakuwa wagonjwa wa lukemia, hilo nakubali, lakini tiba hii haigombani na kimeng'enya chochote.

Na muulize taratibu, bila ukali, ameruka vidonge vingapi mwezi huu. Mwenye sonona huacha dawa kimyakimya, halafu BCR-ABL (kipimo cha jeni la saratani hii) inapanda, tunadhani dawa imeshindwa.

Musawo_Mbarara
Asanteni. Plateleti 112,000, swali la 9 ni sifuri, la 1 na la 2 kila moja alama 3. Ila anakohoa wiki ya tatu, makohozi yameenda maabara.

Mfamasia_Jinja
Hapo simama! Ikitoka TB, usimpe rifampisini kabla ya kuongea na kliniki ya saratani inayomhudumia. Inashusha imatinibu kwenye damu kwa takriban robo tatu. Karbamazepini na fenitoini, dawa za kifafa, pia huishusha. Fluoksetini inaweza kusubiri jibu la makohozi. Kikundi cha Nesi hakihitaji kusubiri.