Mrejesho: spika zilizokuwa zikikwaruza
Niliuliza kwa nini spika za kompyuta yangu hapa Lamu zinakwaruza. Mlioniambia nibadilishe draiva (programu inayoendesha sauti), ahsanteni, lakini tatizo si hapo. Nilipozungusha kidogo tu plagi ya spika, ile nyembamba ya milimita 3.5, mkwaruzo ukaja na kupotea. Kuichomoa, ina pete ya kijani shingoni. Kutu ya chumvi ya bahari hiyo.

Nilizima umeme, nikapangusa plagi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 (spiriti ya kusafishia), nikaichomeka na kuichomoa mara 10 ili isugue vibati vya ndani ya tundu, nikaiacha dakika 15 ikauke. Mafuta ya kupikia msitie, jamani, yananasa vumbi.

Mkwaruzo umeisha. Plagi ikibaki na vidoa, nitakata nitie mpya.